Sukari imeshuka, mbona miguu inavimba? Kisukari, moyo na vimeng'enya visivyoonekana kwenye kipimo cha kidoleni

Kila tunapogusia kisukari kwenye vipindi vyetu vya afya, kuna swali linalorudi kutoka kwa wasikilizaji wa Nyasura na mitaa mingine ya mji wa Bunda. Mgonjwa anatumia dawa zake, sukari ikipimwa imeshuka, lakini miguu inavimba jioni, usiku anataka mito miwili ndipo apumue, na akipanda mwinuko kidogo anatweta. Wanaomuuguza wana majibu yao tayari: uzee, vumbi, kifua kikuu, au mkono wa mtu.

Mara nyingi ni moyo. Ila kinachowatatiza watu ni namna moyo unavyoweza kuharibika huku namba ya kwenye mashine ya sukari inapendeza. Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kuliko dakika za kipindi zinavyoruhusu, kwa sababu kulielewa kunabadilisha kile ambacho mgonjwa anapaswa kudai anapofika kliniki.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo wa mtu mzima hupiga takribani mara 100,000 kwa siku. Akiba yake ya nishati ni ndogo mno, kiasi cha kutosha mapigo ya sekunde chache tu, kwa hiyo inabidi utengeneze nishati mpya wakati wote, uwe umelala au unalima. Tofauti na ubongo, ambao hutegemea zaidi sukari, moyo hauchagui sana chakula. Kwa mtu mwenye afya, kati ya asilimia 60 na 70 ya nishati ya moyo hutoka kwenye mafuta yanayosafiri ndani ya damu, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwenye glukosi, ile sukari ya damu tunayoijua, na kwenye laktati.

Uhodari wa moyo uko katika kubadilisha. Ukimaliza sahani ya ugali, insulini inapanda na moyo unaongeza kuchoma sukari. Ukikaa muda mrefu bila kula, unarudi kwenye mafuta. Ni kama jiko linalokubali kuni na mkaa: mama anatia kilichopo, na sufuria inaendelea kuchemka.

Kazi hiyo ya kubadilisha inafanywa na vimeng'enya. Waliosoma baiolojia sekondari watakumbuka kimeng'enya cha kwenye mate, kinachoanza kuvunja wanga kabla ugali haujafika tumboni. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha na kuongoza badiliko fulani la kikemikali mwilini. Ndani ya seli za moyo vipo vingi sana, lakini kwa habari yetu ya leo vitatu vinatosha.

Cha kwanza kinaitwa piruveti dihaidrojenesi. Tukiite lango la sukari, kwa sababu ndicho kinachoruhusu sukari iliyovunjwa iingie kwenye mitokondria, vile vijitanuru vya seli, ikachomwe hadi mwisho. Cha pili, piruveti dihaidrojenesi kinesi aina ya nne, kazi yake ni kulifunga lango hilo. Hicho ndicho kufuli. Cha tatu, kanitini palmitoli transferesi, ni lango la mafuta: bila hicho mafuta hayaingii tanuruni.

Kwa mtu asiye na kisukari, insulini husaidia kulifungua lango la sukari na kulibana lango la mafuta baada ya mlo. Kwenye kisukari, insulini ama haipo ama mwili hauisikilizi. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini humwagika kwa wingi kwenye damu, na moyo ukioga kwenye mafuta hayo hutengeneza kufuli nyingi zaidi. Lango la sukari linafungwa, la mafuta linabaki wazi mchana na usiku. Mvutano huu wa sukari na mafuta si ugunduzi wa jana. Philip Randle na wenzake watatu wa Cambridge, Uingereza, waliueleza kwenye jarida la Lancet mwaka 1963, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo damu imejaa sukari, na moyo hauwezi kuitumia. Una njaa mbele ya ghala lililojaa.

Mtu anaweza kuuliza: kama mafuta ni chakula cha kawaida cha moyo, ubaya uko wapi? Ubaya wa kwanza ni gharama. Ili kupata kiasi kilekile cha nishati, kuchoma mafuta kunahitaji oksijeni zaidi kuliko kuchoma sukari, kama sehemu moja ya kumi hivi. Kwa kijana mwenye mishipa safi si kitu. Kwa mtu wa miaka 58 ambaye mishipa yake imeanza kuwa myembamba na presha iko juu, sehemu hiyo moja ya kumi haina pa kutoka. Ubaya wa pili ni mabaki. Mafuta yanaingia kuliko yanavyoweza kuchomwa, na yanayobaki hugeuka kuwa kemikali zinazoichafua na kuidhoofisha seli.

Na ile sukari iliyokataliwa langoni haikai kimya. Inapitishwa njia za pembeni. Kimeng'enya kingine, aldozi redaktesi, huigeuza kuwa sobitoli, na kazi hiyo hutumia vitu ambavyo seli ingevihitaji kujilinda na kutu ya ndani. Sukari nyingine hunata kwenye protini za misuli ya moyo na kuzifanya ngumu. Hatimaye moyo unasinyaa vizuri lakini haulegei vizuri. Haujai damu inavyotakiwa, damu inarudi nyuma, maji yanajikusanya kwenye mapafu na kwenye vifundo vya miguu. Ndiyo ile miguu ya jioni na ile mito miwili.

Mwaka 1972 daktari wa New York, Shirley Rubler, pamoja na wenzake, waliripoti habari za wagonjwa wanne wa kisukari waliofariki kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Walipowachunguza hawakukuta mishipa ya moyo iliyoziba kiasi cha kueleza kifo. Miaka miwili baadaye, utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, uliokuwa umewafuatilia wakazi wake kwa karibu miaka 20, ulionyesha kwamba wanaume wenye kisukari walikuwa na hatari ya moyo kushindwa zaidi ya mara mbili ya wenzao, na wanawake mara tano. Tunaomba hiyo namba ya wanawake isipitwe haraka. Kwa mazoea yetu, ugonjwa wa moyo ni wa mwanaume mnene mwenye gari, na mama anayetweta akibeba ndoo huambiwa apumzike.

Kwa nini tunalisema hili Mara

Mkoa wetu una historia yake katika utafiti wa kisukari, na watu wengi hapa hawaijui. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa wa konzo uliwapoozesha watu miguu wilayani Tarime. Chanzo kilikuwa sianidi ya muhogo mchungu ambao kwa sababu ya njaa haukuandaliwa kwa muda wa kutosha. Hapo pia palikuwa na habari ya kimeng'enya: mwili una rodanesi, inayoigeuza sianidi kuwa kitu chenye sumu ndogo zaidi, lakini rodanesi haifanyi kazi bila salfa inayotoka kwenye protini. Mtu anayekula muhogo mtupu bila samaki wala maharage anaiacha mikono mitupu.

Miaka hiyo wataalamu wengi duniani walishuku kwamba sianidi hiyohiyo ya muhogo huleta kisukari. Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam wakaja kupima katika jamii ya walaji wa muhogo mkoani Mara. Jibu lao lilichapishwa mwaka 1992 kwenye jarida la Marekani la Diabetes Care, na kichwa cha makala kilikuwa ndilo jibu lenyewe: sumu ya muhogo si chanzo cha kisukari. Kwa hiyo anayeambiwa leo kwamba udaga ndio umemletea sukari, swali hilo liliulizwa hapahapa na likajibiwa zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Watafiti haohao walikuwa wamechapisha mwaka 1989 matokeo ya zaidi ya watu 6,000 kutoka vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini, ulipata 9 kwa kila 100. Namba hizi mbili haziwezi kuwekwa kwenye mzani mmoja moja kwa moja, kwa kuwa umri na maeneo ni tofauti. Lakini hata ukipunguza kwa ajili ya hilo, mwelekeo uko wazi.

Mji wa Bunda ni mfano wa kawaida wa kilichobadilika. Uko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, katikati ya nchi ya pamba na samaki. Ugali wa muhogo na mtama ulikuwepo tangu zamani, na ulikuwa wa watu waliolima kwa jembe la mkono na kutembea kwenda mnadani. Ugali umebaki, kutembea kumeondoka, bodaboda imefika mpaka mlangoni, na mafuta ya kupikia hayapimwi tena kwa kijiko. Insulini ya mwili haikuongezeka kwa ajili hiyo.

Kipimo cha kidoleni hakitoshi

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Asiyejua anagundulika akiwa tayari na madhara. Moyo wake umekuwa ukichoma mafuta kwa gharama kubwa kwa miaka bila yeye kuhisi chochote. Tena kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, hivyo anaweza hata kupata shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyaona kwenye filamu. Anachoka ghafla, anatoka jasho, anatapika, familia inasema ni malaria.

Muhimbili, timu ya watafiti iliyoongozwa na Dkt. Abel Makubi iliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi na kutoa matokeo mwaka 2014. Umri wao ulikuwa miaka 55 hivi, watu wa kusomesha watoto bado. Chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 45, kilikuwa presha. Tunaiweka hapa makusudi, isije ikadhaniwa kwamba kila moyo mgonjwa umeharibiwa na vimeng'enya vya sukari. Kwa wengi, kisukari na presha huishi nyumba moja, na moyo uliokwisha kudhoofishwa na kimoja huangushwa na kingine.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo mwaka 1998, maarufu kwa kifupi cha UKPDS, ulilipima jambo hili kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Kushusha sukari kwa nguvu kulilinda sana macho na figo, lakini faida yake kwa moyo ilikuwa ndogo zaidi. Wagonjwa 1,148 waliokuwa na presha walipogawanywa katika makundi mawili, kundi lililoshushiwa presha vizuri zaidi lilipata kesi za moyo kushindwa pungufu kwa asilimia 56, na kiharusi pungufu kwa asilimia 44.

Kwa maoni yetu, takwimu hiyo ingebandikwa kwenye mlango wa kila kliniki ya kisukari nchini. Mgonjwa anayepimwa kidole na kurudishwa nyumbani bila kufungwa mkono kupimwa presha amepewa nusu ya huduma.

Vidonge vyenyewe vinafanya kazi kwenye vimeng'enya, ingawa hakuna anayetuambia hivyo dirishani. Enalaprili na kaptoprili huzuia kimeng'enya kinachobana mishipa na kuzuia chumvi isitoke mwilini. Statini huzuia kimeng'enya cha ini kinachotengeneza lehemu. Uchunguzi wa Uingereza wa karibu wagonjwa 6,000 wa kisukari, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha statini ikipunguza mashambulio ya moyo na kiharusi kwa kadiri ya robo. Metifomini, kidonge cha kwanza cha wengi, huamsha kimeng'enya kinachoiambia seli kwamba nishati imepungua, na ini likapunguza kutengeneza sukari. Ni dawa za zamani ambazo kampuni nyingi zinaruhusiwa kuzitengeneza, na ndiyo maana bei yake si ya kutisha.

Wapo walioenda moja kwa moja kwenye vimeng'enya vya moyo wenye kisukari. Dawa iitwayo kafikrestati ilitengenezwa ili kuzuia ile aldozi redaktesi ya njia ya pembeni. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 691 wenye moyo ulioanza kudhoofika kwa kisukari, na matokeo yakatoka mwaka 2024: baada ya miezi 15, uwezo wao wa kufanya mazoezi haukutofautiana vya kutosha na wa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nadharia nzuri haikutosha. Anayeuza unga wa majani sokoni akisema unasafisha sukari kwenye moyo, tungemuuliza ni wagonjwa wangapi amewafuatilia kwa miezi 15.

Dawa mpya zilizofanikiwa zilipita mlango mwingine kabisa. Empagliflozini na jamii yake hazigusi kimeng'enya chochote cha moyo. Huizuia figo kuirudisha sukari kwenye damu, ikatoka na mkojo. Mwaka 2015, kwa wagonjwa zaidi ya 7,000, empagliflozini ilipunguza vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 38 na kulazwa kwa moyo kushindwa kwa asilimia 35. Wanasayansi bado wanabishana sababu ni ipi. Baadhi wanasema dawa hizo huupa moyo ketoni, chakula cha tatu kisichohitaji lile lango lililofungwa. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa mkulima wa Nyasura anayelipa kutoka mfukoni, hata hivyo, swali la leo bado ni lile la vidonge vya zamani: vipo zahanati au havipo?

Hapo ndipo siasa inapoingia. Serikali ilizindua programu ya taifa ya magonjwa yasiyoambukiza Novemba 2019, na Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mjadala wa bima kwenye redio, pamoja na kwetu, umekuwa zaidi juu ya kiwango cha kuchangia. Kwa mgonjwa wa kisukari jambo zito ni kitita: kama dawa ya presha na statini zitapatikana ngazi ya chini kila mwezi, au kama kadi itamfaa siku ya kulazwa tu, moyo ukiwa umekwisha kujaa maji. Kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ambacho watu hukiita eko, kinaweza kumpeleka mtu wa Bunda hadi Bugando jijini Mwanza, au hata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nauli, malazi na mtu wa kumsindikiza havimo kwenye kitita cha bima. Kidonge cha presha kilichomezwa miaka kumi kabla kingegharimu kidogo kuliko safari hiyo moja.

Kosa tunalolisikia zaidi kwenye simu za wasikilizaji ni kuacha dawa sukari inaposhuka. Mtu anapimwa, anaambiwa yuko vizuri, anafurahi, anaweka vidonge kabatini. Sukari imeshuka kwa sababu ya vidonge. Tena dawa ya presha na statini hazikuwekwa kwa ajili ya sukari hata kidogo. Enalaprili humpa mtu mmoja mmoja kikohozi kikavu kisichoisha. Akirudi kliniki ipo dawa nyingine ya kubadilishiwa. Mjamzito hapaswi kuitumia, na anayepanga mimba aseme mapema. Hakuna katika hizi ya kujianzishia mwenyewe dukani.

Kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba moyo umeanza kushindwa, kuna kipimo ambacho hakihitaji hospitali. Ajipime uzito asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, kwenye mizani ileile, hata kama ni ya duka la jirani, na aandike. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta wala misuli. Ni maji, na safari ya kituo cha afya ni ya siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.